Mama amemkataa mchumba wangu kwa sababu ana mtoto: penzi letu litasimama?

*Swali:* Shikamoo dada. Nina miaka 27, naishi Mwanza, nafanya uhasibu kwenye duka la jumla. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, mama akatulea wanne kwa biashara ya dagaa kule Bunda. Mimi ndiye wa kwanza. Nina mchumba wa miaka 29, muuguzi, mwenye mtoto wa kike wa miaka mitano aliyempata kabla hatujajuana. Mwezi wa pili nilimpeleka nyumbani. Mama alimpokea vizuri, akampikia, lakini tulipoondoka akanipigia simu akasema hawezi kuletewa mtumba, kwamba binti amenizidi umri, kwamba baba wa mtoto bado anampigia simu, na kwamba nitaishia kulea watoto wa wenzangu wakati wadogo zangu hawajamaliza shule. Mchumba wangu nilimweleza yote. Tangu hapo tumependana kuliko mwanzo, akahamia kwangu na mtoto wake. Rafiki zangu wanasema penzi lisilopigwa vita si penzi. Lakini siku hizi tunagombana kwa vitu vidogo, na kila nikitoka Bunda anakagua simu yangu. Tumepanga ndoa ya bomani Desemba bila mama kujua. Je, upinzani huu unatujenga au unatubomoa?

*Jibu:* Marahaba, mdogo wangu. Rafiki zako wamekupa nusu ya jibu, tena ile nusu tamu.

Wanachokisema kiliwahi kupimwa. Mwaka 1972 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, wakiongozwa na Richard Driscoll, walichapisha matokeo ya kufuatilia jozi 140 za wachumba na wanandoa. Waliwauliza wanavyopendana na jinsi wazazi wanavyowaingilia, wakasubiri kati ya miezi sita na kumi, wakawauliza tena. Pale ambapo wazazi walizidi kuingilia, wawili wale walisema wanapendana zaidi. Watafiti wakaliita jambo hilo kwa majina ya Romeo na Juliet, wale vijana wa Shakespeare ambao familia zao zilikuwa na uadui. Mimi huwa nacheka kidogo nikisikia watu wakiwatolea mfano vijana wale. Tangu waonane mpaka wafe ni siku chache tu. Hawakuwahi kununua umeme wa LUKU pamoja.

Sehemu ya pili ya matokeo yale huwa haisimuliwi vijiweni. Jozi zilezile ambazo mapenzi yao yalipanda zilionyesha pia kuaminiana kumepungua, kukosoana kumeongezeka, na mambo madogo ya kuudhiana yamezidi. Sasa soma tena barua yako uliyoniandikia. Mapenzi yamepanda, ugomvi wa vitu vidogo umeanza, simu inakaguliwa. Umeandika matokeo ya Colorado bila kuyajua.

Mwaka 2014 Colleen Sinclair na wenzake, nao wa Marekani, walirudia kazi ile kwa watu karibu 400, wakitumia maswali yaleyale. Ule mpando wa mapenzi hawakuuona kabisa. Walichokiona ni kwamba kadiri wazazi na rafiki walivyokataa, ndivyo mapenzi, uaminifu na nia ya kuendelea vilivyopungua miezi michache baadaye. Kwa hiyo kwenye swali lako la kujenga au kubomoa, uzito wa ushahidi uko upande wa kubomoa. Na hao ni Wamarekani, ambao mzazi wao akinuna hakuna kikao cha ukoo kinachovunjika, hakuna barua ya posa inayokosa wa kuipeleka. Kwetu mama akikataa hakatai peke yake. Shangazi wananyamaza, baba wadogo wanasema wasubiri, na ndugu zako wadogo wanaogopa hata kumwita mwenzako wifi.

Lakini usikate tamaa hapo, maana haibomoi kila mtu, na sababu zake zinajulikana.

Anza na ule moto mlioupata mwezi wa pili. Jack Brehm, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1966 kwamba mtu akihisi uhuru wake wa kuchagua unanyang'anywa, kile alichozuiwa hupanda thamani machoni pake. Hilo halihitaji profesa, kila mama aliyewahi kuficha sukari analijua. Kilichonisaidia zaidi katika kazi yangu ni jambo ambalo Sinclair na wenzake walilitenganisha mwaka 2015: kuna mtu anayesimama kwenye uamuzi wake kwa sababu ni wake, awepo mpinzani asiwepo, na kuna mtu anayefanya kinyume na alichoambiwa kwa sababu tu ameambiwa. Kwa nje wanafanana, wote wanasema "sisikilizi mtu". Tofauti ni kwamba wa kwanza hahitaji mpinzani ili aendelee. Wa pili siku mama akilegea anabaki na mtu ambaye hamjui vizuri.

Jipime. Fikiria mama anakupigia kesho asubuhi, sauti imetulia, anasema, "Nimefikiri, lete barua, tutampokea na mtoto wake." Je, ungemuoa Desemba hii? Au ungesema moyoni kwamba sasa hakuna haraka, tungejipanga kwanza? Jiulize pia alihamiaje kwako. Mlikuwa mmeshakubaliana kuishi pamoja, au simu ya mama ndiyo iliyomleta na masanduku? Sikulaumu kwa sogea tukae, nusu ya ndoa ninazozishughulikia zilianza hivyo. Nataka tu ujue ni nani aliyeamua.

Sasa niseme lile ambalo naliona ndilo linalowala zaidi, kuliko hata kukataa kwenyewe kwa mama. Ulimweleza mwenzako yote. Nakuelewa kwa nini. Ulitaka aone unavyoumia kwa ajili yake, ajue hukumficha, ajue mko upande mmoja. Lakini neno "mtumba" lilitamkwa na mama kwa mwanawe, kwa hasira, simuni. Lingeweza kufia pale. Wewe ukalibeba kutoka Bunda mpaka Mwanza, ukalifikisha kwa mwanamke ambaye alikuwa amekula chakula cha mama huyo siku ileile akidhani amepokewa. Kwa hiyo amejifunza mambo mawili kwa mara moja: kwamba mama yako anamdharau, na kwamba tabasamu la Bunda halina maana. Sasa ukienda nyumbani na kurudi umenyamaza, unadhani anawaza nini? Anakagua simu kwa sababu ndani yake kuna maneno juu yake, na wewe ndiye uliyemfundisha hivyo.

Wazee walijua walichofanya walipoweka mshenga. Kijana hapeleki posa yake mwenyewe. Hutumwa mtu mzima mwenye heshima na mdomo uliotulia, anakwenda na barua na pesa ya barua ndani ya bahasha, anasikiliza, anarudi. Akikejeliwa kule, kejeli inaishia kwake. Akitajiwa faini ya ajabu, anailainisha njiani. Pande mbili zinaweza kuvutana juu ya mahari, mkaja wa mama na blanketi la bibi mpaka usiku, na bibi harusi asisikie hata neno moja baya. Ndoa nyingi za wazazi wetu zilifungwa juu ya matusi ambayo wahusika hawakuwahi kuyasikia. Wewe umefanya kazi ya mshenga bila miiko yake, tena kwa njia zote mbili, maana nina wasiwasi mama naye ameshasikia kutoka kwako kwamba "amesema hakanyagi tena Bunda".

Acha leo. Simaanishi umdanganye mwenzako. Akikuuliza mama amesemaje, jibu lako liwe fupi na liwe lilelile kila mara: "Bado hajakubali. Naongea naye. Mimi sijabadilika." Hana haja ya maneno yenyewe, na wewe huna haja ya kuyarudia. Na kuna sentensi moja ambayo wanaume wa hali yako huwatoka katikati ya ugomvi wa chakula kilichoungua au nauli ya daladala: "Ndiyo maana mama alisema." Kama hujaisema, ishike meno. Kama umeshaisema, omba radhi kwa hiyo peke yake, bila kuichanganya na ugomvi mwingine. Nimeona wanawake wakisamehe usaliti na wakashindwa kuisahau sentensi hiyo.

Jambo la pili ni pesa, ambalo hukuuliza. Tangu mwezi wa pili, unachomtumia mama kimepungua? Kwa kawaida hupungua. Nyumbani mmekuwa watatu, kodi, mahitaji ya mtoto, halafu hasira nayo ina mchango wake. Mama aliyekuambia binti atakula hela zako akiona pesa ya simu imeshuka kutoka elfu themanini hadi hamsini, hahitaji ushahidi mwingine. Utakuwa umemthibitishia kwa mkono wako mwenyewe. Rudisha kiwango cha zamani hata kama itabidi mle maharage. Tena mtume siku ileile ya mwezi uliyozoea kumtumia, na mwenzako ajue kiasi. Hilo la kujua nalisisitiza: pesa ya ukweni inayotumwa kwa siri ndiyo mwanzo wa mwanamke kuona mama mkwe ni mwizi.

Maana ukimsikiliza mama yako vizuri, chini ya matusi kuna hesabu. Huyu ni mjane aliyesomesha wanne kwa kuanika dagaa. Unaijua biashara ile kuliko mimi: mvua moja ikishuka dagaa wakiwa bado mchangani, mtaji umekwenda. Mtu aliyeishi hivyo miaka yote anatazama kila kitu kwa kuuliza kitaharibikia wapi. Wewe ni mtoto wake wa kwanza na mshahara wa kwanza ndani ya ukoo huo mdogo. Ada za sekondari za serikali zilifutwa kuanzia 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na 2022 kwa cha tano na cha sita, lakini sare, nauli, matumizi na chuo havijafutwa, na anajua vinamsubiri nani. Hofu hiyo haijibiwi kwa kumwambia "ninampenda". Inajibiwa kwa kumwambia, na kuonyesha mwezi baada ya mwezi, kwamba mdogo wako aliye shuleni ana kiasi fulani chake ambacho hakiguswi na mtu. Mkumbushe pia, kwa upole, kwamba mwenzako ni muuguzi. Wazazi wengi wakisikia "ana mtoto" wanaona tumbo la kulishwa tu, hawaoni mshahara wa pili.

Tofauti ya umri ya miaka miwili usibishane nayo kabisa. Hilo ni la "watu watasemaje", na halina jibu zaidi ya muda. Ukiendelea kulijibu, unamlazimisha mama alitetee.

La baba wa mtoto ni tofauti, na hapa nasimama upande wa mama yako. Ameuliza swali la maana kwa lugha mbaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wazazi wote wawili wajibu wa kumtunza mtoto, wawe wanaishi pamoja au la, kwa hiyo mwanaume yule kupiga simu kuulizia matumizi au ugonjwa wa mwanawe ni jambo jema. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama asingepiga. Lakini wewe unajua anapiga kwa ajili gani? Anatoa matumizi? Mtoto anakwenda kwao likizo? Akija mlangoni kwako kumchukua, utamkaribisha ndani au atasimama nje? Na binti huyo wa miaka mitano anakuitaje sasa hivi, nani aliyemwambia akuite hivyo? Kama majibu huna, kaa na mwenzako myapate, siyo kwa kumhoji kama askari, kwa sababu unakwenda kuwa baba wa kufikia na kazi hiyo haianzi siku ya cheti. Ukishayajua, siku mama akirudia swali lile utamjibu bila kupandisha sauti, na mama hutambua mtoto wake anapozungumza jambo analolijua.

Nikiri hapa kwamba si kila kukataa kwa mzazi ni kwa kuvumiliwa hivi. Mzazi akikuambia mchumba wako anakupiga, ana madeni anayokuficha, au ana ndoa nyingine, hiyo ni habari na inachunguzwa. Kwenye barua yako sikuona la namna hiyo.

Kuna upande mmoja ambao hukuutaja hata kwa mstari: kwao binti wanasemaje? Susan Sprecher na Diane Felmlee walifuatilia wachumba kwa muda na kuchapisha mwaka 1992. Waliona kuungwa mkono na ndugu na rafiki kunaongeza mapenzi na kuridhika, na kwamba msaada wa watu wa upande wa mwanamke ndio uliotabiri zaidi nani wataendelea kuwa pamoja. Wewe miezi saba yote umeelekeza macho Bunda. Wazazi wake wanajua binti yao anaishi wapi? Umewahi kwenda kuwaamkia? Kama wao wako tayari kukupokea, mna nyumba moja iliyo wazi, na mwenzako anahitaji sana kuona angalau mlango mmoja haujafungwa. Kama hawajui lolote, basi mnamlalamikia mama yako kwa kukosa heshima huku nanyi mnadaiwa heshima upande wa pili.

Kuhusu namna ya kumfikia mama: usiende wewe tena kubishana. Tafuta kaka yake, yaani mjomba wako, kama yupo na wanaelewana. Mjomba anaweza kumwambia mama yako jambo ambalo wewe ukilisema ni utovu wa adabu. Usimtume akamshinde. Mwombe akamsikilize tu mara ya kwanza, arudi akwambie anaogopa nini. Baba mkubwa au baba mdogo aje baadaye, kwa sababu yeye ndiye atakayesimama na barua. Ukimtanguliza yeye, mama anaweza kuona watu wa ukoo wa marehemu wanakuja kumwamulia juu ya mtoto aliyemlea peke yake. Na usimwombe mama ampende mwenzako. Mwombe amheshimu. Terri Orbuch wa Michigan amefuatilia wanandoa 373 tangu 1986, akakuta kwamba mume aliyejisikia karibu na wakwe zake alikuwa na uwezekano wa talaka uliopungua kwa asilimia 20, ilhali kwa mke aliyejisikia karibu na wakwe zake uwezekano huo ulizidi kwa asilimia 20. Maelezo yake ni kwamba mke akiwa karibu sana, ushauri wa wakwe anauona ni kuingiliwa. Utafiti wa mbali, sawa, lakini hata huku uswahilini anayejua maisha ya mke na mama mkwe kwenye ua mmoja hatashangaa. Lenga amani na umbali wa kutosha. Kwenu umbali ni ule wa Bunda na Nyamagana, hapo Mwanza mjini, unatosha sana.

Kuhama kwake, usimrudishe alikotoka. Ningekushauri hivyo kama ungeniandikia mwezi wa pili. Leo akiondoka na mtoto wake na masanduku, atasoma kitu kimoja tu: mama ameshinda. Ila mama ajue kutoka kwako kwamba mnaishi pamoja, kabla jirani hajamwambia.

Mwisho ni hiyo Desemba. Kisheria hamhitaji sahihi ya mama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wawili wanaooana, na kutotolewa kwa mahari hakubatilishi ndoa. Ridhaa ya mzazi iliyokuwemo ilimhusu msichana wa chini ya miaka 18, na vifungu hivyo Mahakama Kuu ilivitamka kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016 katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama ya Rufani ikaafiki 2019. Sheria hiyohiyo inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikiwatambua kama mume na mke, mahakama inaweza kuwachukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo usidhani ukimya ni kutoamua. Lakini ndoa ya bomani haina siri unayoifikiria. Mnatakiwa kutoa taarifa ya nia ya kuoana siku 21 kabla, na taarifa hiyo hutangazwa ili mwenye pingamizi la kisheria alitoe. Pingamizi ni kama kuwepo kwa ndoa nyingine au undugu wa damu. "Simpendi" haimo. Ila Mwanza na Bunda zina magari asubuhi hadi jioni, na tangazo lina macho.

Sogeza mbele. Mpe mjomba mpaka Krismasi, mpe mama miezi sita ya kuona pesa yake haijapungua na mdogo wako hajarudishwa nyumbani kutoka shule, na ninyi wawili muipate miezi hiyo ya kugombana bila jina la mama kutajwa. Kama ikifika Juni bado amekataa, na lile swali la "ungemuoa hata mama angekubali?" bado unalijibu ndiyo, toeni taarifa bomani. Siku hiyohiyo panda gari uende Bunda, ukamwambie mama tarehe kwa mdomo wako, umkaribishe, umwachie nauli ya kuja na kurudi.